Kompyuta iko Chikongola, mwalimu yuko Tandahimba: ikikataa kushika, anza kuangalia hapa

Jumatatu asubuhi, zimebaki dakika 40 kabla ya kipindi cha pili. Nimekaa ofisi ya walimu, chai inapoa, macho nimeyakaza kwenye simu. Nimefungua programu ya kuingilia kompyuta kwa mbali, na orodha ya kompyuta zangu ina jina moja tu, la ile ya mezani niliyoiacha sebuleni Chikongola, Mtwara mjini. Jina limefifia. Ndani ya kompyuta hiyo kuna alama za Kidato cha Tatu ambazo mwalimu wa taaluma anazitaka kabla ya saa sita, na mimi niko Tandahimba. Hakuna basi litakalonifikisha mjini na kunirudisha kwa muda huo.

Maisha yangu ndiyo hayo: nyumba mjini, shule wilayani, kurudi nyumbani Ijumaa. Nimeshaona magonjwa mengi ya kompyuta inayotumiwa kwa mbali, na baadhi nimeyaleta mwenyewe. Walimu wenzangu wakinijia, na hata vijana wa vyuo walioacha kompyuta kwao Lindi au Masasi, huanza na swali moja: nitumie programu gani? Hilo si swali la maana sana. Chrome Remote Desktop, AnyDesk, TeamViewer, zote zinafanya kazi. Kinachogoma mara nyingi kiko nyumbani, nacho ni umeme, intaneti au mtu. Usianze kufuta programu na kuiweka upya kabla hujajua hali ya nyumbani.

Jina limefifia, imeandikwa kompyuta haipo mtandaoni

Dalili hii inakuambia kitu kimoja tu, kwamba kompyuta haizungumzi na intaneti. Sababu haikuambii. Huenda imezimwa, huenda imelala, huenda iko macho ila bando limekwisha. Kipimo cha kwanza ni kupiga simu nyumbani. Tatizo ni namna ya kuuliza. Ukiuliza "kompyuta imewaka?" utajibiwa imewaka, kwa sababu kile kitaa cha rangi ya chungwa kwenye skrini kinaonekana. Kitaa hicho ni cha skrini, kompyuta yenyewe inaweza kuwa imekufa. Mimi siku hizi nauliza hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ulifika salama?"

"Nilifika. Mama, lile boksi jeusi chini ya meza, hebu weka mkono juu yake. Linavuma?"

"Halivumi. Limepoa kama mtungi."

"Na kile kidude cheupe dirishani, kina taa ngapi?"

"Hakina hata moja. Na feni haizunguki. Nilidhani umeme umekatika, kumbe kwa jirani upo."

Kwa jirani upo, kwetu haupo. Hiyo ni LUKU. Yuniti zimekwisha usiku, na mama hakutaka kunisumbua. Nilinunua umeme kwa simu palepale, nikamsomea zile tarakimu 20 nnenne, naye akazibonyeza kwenye mita. Feni ikazunguka, rauta ikawaka, nikashusha pumzi. Kompyuta haikuwaka.

Hapo ndipo wengi hukwama. Kompyuta ya mezani ikinyang'anywa umeme ghafla, kwa kawaida umeme ukirudi yenyewe hubaki imezima hadi kidole kibonyeze kitufe. Siku ukiwa nyumbani, iwashe huku ukibonyeza F2 au Delete mfululizo (inategemea kompyuta) uingie kwenye BIOS, yaani setingi za msingi za kompyuta kabla Windows haijawaka. Tafuta sehemu inayohusu umeme, kuna mpangilio unaoamua kompyuta ifanye nini umeme ukirudi. Ukikuta imeagizwa ibaki imezima, badilisha iwe ya kuwaka. Hifadhi, toka, kisha ijaribu kwa kuchomoa waya na kuurudisha. Laptopu nyingi hazina mpangilio huo, ila zina betri, kwa hiyo umeme wa kukatika saa moja haziujali. Rauta ndiyo itakayozima. Mwenye laptopu asikimbilie kununua UPS kubwa, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Anunue ile ndogo ya rauta, na kabla ya kununua asome kitakoni mwa rauta inatumia volti ngapi.

Umeme ukiwepo, boksi halivumi na jina bado limefifia ingawa hakuna aliyeizima kompyuta, angalia usingizi. Windows ikiachwa bila kuguswa hulala, na ikilala si rahisi kuiamsha kutoka Tandahimba. Kwenye setingi za umeme, upande wa "ikiwa imechomekwa", agiza isilale kabisa. Skrini iache izime baada ya dakika tano, haina madhara na inapunguza yuniti. Kwenye laptopu kuna jambo la ziada: mtu akifunika kifuniko, inalala. Setingi ipo ya kuiambia isifanye lolote kifuniko kikifungwa. Ipo pia njia ya kuiamsha kompyuta kupitia rauta, lakini inataka kebo na kifaa kingine kilicho macho nyumbani. Nilihangaika nayo wikiendi mbili nikaiacha.

Halafu kuna mvua. Kuanzia Desemba hadi Aprili, ngurumo zikianza upande wa bahari, nyumba nyingi za huku kwetu huchomoa kila kitu. Mama hachomoi televisheni tu, hupitia soketi zote, kisha anaifunika kompyuta kwa kitambaa cha mezani isiingie vumbi. Kuchomoa simlaumu, radi imeshaua vifaa mtaani. Kitambaa ndicho nilichokikataa, kwa sababu siku aliyokisahau juu ya boksi linalofanya kazi, joto lilipanda hadi kompyuta ikajizima. Wakati huo mimi naona inashika dakika kumi, inakatika, inashika, inakatika. Nilibadilisha hadi laini ya simu, kumbe mashine ilikuwa inachemka.

Sababu ya mwisho chini ya dalili hii inachekesha kidogo, lakini nimekutana nayo kwa watu watatu. Kompyuta ya nyumbani unaipa intaneti kwa kuwasha hotspoti ya simu yako. Jumatatu unaondoka. Simu unaondoka nayo. Kompyuta imebaki sebuleni haina mtu wa kumwomba intaneti. Kwa matumizi ya mbali lazima nyumbani kuwe na intaneti inayolala pale pale: rauta ya laini, modemu, au fiba kama imefika mtaa wako. Kwa rauta ya laini, chunga bando lisitafunwe na apdeti za Windows. Iambie Windows kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo, itaacha kupakua makubwa bila kukuuliza.

Kila kitu kinawaka, nyumbani wanaperuzi vizuri, bado haishiki

Hii ilinitesa kuliko zote. Mdogo wangu nyumbani anaangalia video kwa waifai ileile, boksi linavuma, jina limefifia. Nikamwomba afungue kivinjari kwenye kompyuta yenyewe, si kwenye simu yake. Akaniambia kila tovuti inamwonya kwamba si salama. Nikamwomba anisomee tarehe iliyo pembeni chini ya skrini.

"Kaka, inasema Januari 2015."

Kila mawasiliano salama ya intaneti huanza kwa kukagua vyeti vya kidijitali, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayoamini kwamba iko 2015 huviona vyeti vya leo havijaanza kutumika, inavikataa. Programu yako ya kuingilia kwa mbali inakataliwa nayo, kimyakimya.

Tarehe inarudi nyuma kwa sababu ya betri ndogo bapa kama kifungo cha koti iliyo ndani ya kompyuta, aina ya CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kutunza saa wakati umeme haupo. Ikichoka, kila umeme ukikatika kompyuta inasahau iko mwaka gani. Kwetu ilichoka mapema zaidi kwa sababu kompyuta ilikuwa ikizimwa kwenye soketi kila usiku. Ikiwa imechomekwa, hata kama imezimwa, betri hiyo haitumiki sana. Fungua ubavu wa boksi ukiwa umechomoa waya, utaiona ikimetameta kwenye ubao mkuu. Sukuma kishikizo chake, itachomoka. Upande wenye alama ya kujumlisha unatazama juu. Mafundi saa nao wanaziuza. Kisha weka tarehe kwa mkono. Usitegemee Windows ijirekebishe, tofauti ikiwa ya miaka mara nyingi haijirekebishi.

Inashika, lakini naona kioo cheusi

Uliza kwanza kama skrini ya nyumbani imechomolewa. Baadhi ya kompyuta zisipoona skrini yoyote haziandai picha ya kukuonyesha. Rudisha kebo ya skrini, hata skrini yenyewe ikiwa imezimwa kwa kitufe.

Kama weusi unakuja ghafla katikati ya kazi, hasa ulipojaribu kusimika kitu, angalia AnyDesk yako iko kwenye hali gani. Wengi wanaipakua na kuibofya tu bila kuisimika. Hiyo inatosha kumsaidia mtu mara moja, ila Windows ikileta lile dirisha la kuomba ruhusa ya msimamizi, wewe wa mbali hulioni wala huwezi kulibofya. Na kompyuta ikijiwasha upya usiku baada ya apdeti, AnyDesk hairudi mpaka mtu aifungue. Isimike kabisa, kisha weka nywila ya kuingia bila mtu. Bila nywila hiyo utabaki unangoja mtu wa nyumbani abonyeze kukubali, naye yuko sokoni.

Inakatika mara tu ninapoanza kufanya kazi

Umeshaondoa joto na bando? Uliza nani amekaa sebuleni. Wiki ya kwanza mdogo wangu aliona mshale unatembea wenyewe kwenye skrini, folda zinafunguka, akakimbilia soketi. Alifanya vizuri, sikuwa nimemwambia. Waambie wa nyumbani, na wafundishe kwamba wakiona hivyo wakati hujawapigia simu, wachomoe.

Nywila inakataa

Hapa pana nywila mbili na watu wanazichanganya. Moja ni ya programu: kwa Chrome Remote Desktop ni namba ya siri ya tarakimu sita au zaidi uliyoitunga siku ya kwanza. Nyingine ni ya kufungulia Windows. Ukipita ya kwanza na kukwama ya pili, intaneti haina kosa. Angalia herufi kubwa, kisha angalia kibodi: alama ya @ na ya nukuu hubadilishana nafasi kati ya mpangilio wa Kiingereza cha Uingereza na wa Marekani, na kompyuta ya shule inaweza kuwa tofauti na yako. Ingiza nywila kwa kutumia simu uone.

Wanaotumia Remote Desktop, ile iliyomo ndani ya Windows yenyewe, wajue kwamba ile PIN fupi ya kufungulia kompyuta nyumbani haikubaliki huko. Inatakiwa nywila kamili ya akaunti.

Kwenye simu inakubali, kwenye kompyuta ya shule inagoma

Umeshapata jibu bila kujua. Nyumbani hakuna tatizo, mtandao wa shule ndio unaozuia. Shule na vyuo vingi hufunga milango ya mtandao (port) isiyo ya kawaida, na wengine hufunga programu hizi kwa majina yake. Remote Desktop ya Windows hutumia mlango 3389, huo huzuiwa mara nyingi. Chrome Remote Desktop huwa na bahati zaidi kwa kuwa unaifungua ndani ya kivinjari bila kusimika kitu, hivyo hata kukosa haki za msimamizi hakukuzuii.

Ikigoma nayo, nenda kwa mwalimu wa TEHAMA umweleze unataka nini. Usitafute njia za kuruka uzio wa shule. Au tumia data ya simu yako, huo mtandao ni wako. Na ukimaliza kwenye kompyuta ya shule, toka kwenye akaunti. Nimeshakuta barua pepe ya mwenzangu imeachwa wazi chumba cha kompyuta, na kwa Chrome Remote Desktop, anayeishika akaunti hiyo ya Google amebakiza namba ya siri tu aingie kwenye kompyuta ya nyumbani. Alama za wanafunzi ni taarifa za watu, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Inafanya kazi, ila inatambaa kama kobe

Watu hupima kasi ya shule. Pima ya nyumbani, na si ya kupakua bali ya kupakia, kwa sababu picha ya skrini inapandishwa kutoka nyumbani kuja kwako. Mitandao ya simu hutoa kasi ndogo ya kupakia kuliko ya kupakua. Ikiwa ni megabiti 1 kwa sekunde, faili la megabaiti 90 litachukua dakika 12 hata kila kitu kikienda sawa. Punguza ubora wa picha kwenye programu, ondoa picha ya mandhari, shusha ukubwa wa skrini, na mwombe anayeangalia video nyumbani apumzike.

Kuna siku hutarekebisha chochote. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, Tanzania nzima ilisota. Siku kama hiyo, kabla ya kugusa setingi, waulize walio Dar es Salaam kama kwao kuna intaneti.

Nimeandika anwani ya IP kama maelekezo yanavyosema, hakuna kitu

Maelekezo mengi unayoyakuta yameandikwa na watu wa nchi ambako kila nyumba ina anwani yake ya intaneti. Wanakwambia fungua mlango kwenye rauta, kisha piga anwani. Fungua ukurasa wa rauta yako uangalie anwani iliyopewa. Ikianza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, basi unagawana anwani moja ya nje na wateja wengine wengi wa mtandao wako wa simu. Fungua milango mpaka uchoke, hakuna mgeni atakayefika kwako. Na kama kompyuta ina Windows toleo la Home, haipokei Remote Desktop hata ukiwa chumba kileile. Inatakiwa Pro.

Achana na njia hiyo. Hata ukiwa na anwani yako mwenyewe, kuuacha mlango 3389 wazi kwa dunia ni kukaribisha wezi. Tumia programu zinazokutana katikati kama nilizotaja, kompyuta yako ndiyo inayotoka kwenda kukutana nawe. Programu ya Tailscale nayo hufanya hivyo, ila ni VPN, yaani njia ya siri inayounganisha vifaa kupitia intaneti, na Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza kwamba wanaotumia VPN wanatakiwa kutoa taarifa zao kwake. Lishughulikie hilo kwanza.

Nimeingia, faili silioni

Umeingia kwa akaunti ya mdogo wako badala ya yako? Faili liko kwenye flashi, na flashi iko mfukoni mwako? Usicheke, mimi nimeshaitafuta folda ya andalio la somo robo saa, huku flashi yenyewe ikining'inia kwenye funguo za nyumba.

Ila ngoja nikuulize: unahitaji kompyuta nzima, au unahitaji folda moja? Mimi nilipojichunguza, karibu kila mara nilikuwa nafuata maazimio ya kazi, mitihani na alama. Hayo yote hayajai hata megabaiti 500. Google Drive inakupa gigabaiti 15 bure. Nikaiweka folda ya shule humo, kompyuta ya nyumbani inaipandisha kila ninapohifadhi, na Jumatatu naifungua kwa simu LUKU iwepo isiwepo. Kuingilia kompyuta kwa mbali sasa ni kwa yale yasiyohamishika tu: programu ya kupanga ratiba iliyo kwenye mashine ile tu, na picha nyingi mno. Tangu hapo simu za asubuhi kwa mama zimepungua, analalamika simjulii hali.

Kama bado unaitaka kompyuta nzima, ijaribu Jumapili jioni kabla ya kufungasha. Usijaribu kwa waifai ya nyumbani, hapo hata mpangilio mbovu unaweza kukubali. Zima waifai ya simu, washa data, keti kitandani, ingia kwenye kompyuta iliyo sebuleni. Kisha nenda kachomoe waya wa umeme, hesabu hadi sitini, urudishe, usiguse kitufe chochote. Rudi kitandani usubiri jina lirudi. Lisiporudi, bado una usiku mzima wa kulitafutia sababu, na basi linaondoka alfajiri.